SOKO LA MAUA: Oda ya intaneti, hasara ya nani?

Ndugu walioko Dar es Salaam, London au Muscat, wanaoagiza maua kwa intaneti kwa ajili ya harusi au msiba wa Bukoba na Muleba, wanashauriwa kuuliza maswali matatu kabla ya kulipa. Sababu ni moja: anayepokea fedha mara nyingi siye anayefunga shada, wala siye anayelipeleka.

Utaratibu huo si mgeni. Mwaka 1910 wauza maua wa Marekani waliunda chama cha kupelekeana oda kwa telegrafu: mteja analipa katika mji wake, muuzaji wa mji mwingine anafunga maua na kuyafikisha. Kurasa za intaneti zimerithi mfumo huo. Tofauti ni kwamba zamani mteja alimjua mwenye duka. Leo anaona picha tu na ahadi ya kufikisha mzigo Tanzania nzima.

Fedha inavyogawanyika

Chukua mfano wa oda ya sh. 150,000. Mwenye ukurasa akikata asilimia 20, zinabaki sh. 120,000. Usafiri wa kutoka Bukoba hadi kijiji cha Muleba ukichukua sh. 50,000, shada linafungwa kwa sh. 70,000, na humo humo imo faida ya mfungaji. Mteja anapolalamika kuwa shada halifanani na picha, jibu liko katika hesabu hiyo.

Safari ya waridi

Mashamba makubwa ya waridi nchini yako Arusha na Kilimanjaro, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara hadi Bukoba. Waridi likishakatwa hutakiwa kutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 4, na basi la abiria halina chumba cha namna hiyo. Ndege hupunguza muda, lakini uwanja wa Bukoba uko ufukweni mwa ziwa, na hali mbaya ya hewa huweza kuchelewesha safari. Uganda ni karibu zaidi na ina mashamba ya waridi upande wa Entebbe. Ila mzigo unaopita Mutukula unahitaji cheti cha afya ya mimea na taratibu za forodha.

Muleba ipi?

Mji wa Muleba uko kando ya lami, kama kilomita 70 kusini mwa Bukoba. Jina hilo hilo ni la wilaya yenye Rubya, Nshamba na Kamachumu, pamoja na visiwa kama Bumbire, ambako mzigo hufika kwa boti. Kuandika "Muleba" peke yake kwenye fomu hakutoshi. Mpelekaji anahitaji kata, kijiji, namba ya simu ya mwenyeji, na jina la kanisa, msikiti au duka lililo jirani.

Hasara huuma zaidi kwenye msiba. Huko Kagera maziko mengi hufanyika nyumbani, kwenye kibanja cha familia, na saa ya maziko haisubiri maua. Shada likifika kesho yake, hata mteja akirudishiwa fedha, kazi yake imekwisha pita.

Maswali yenyewe ni haya. Kwanza, nani atafunga maua, na yuko mji gani? Pili, bei ni ya kufikisha kijijini au Bukoba mjini? Tatu, mzigo ukichelewa, nani anarudisha fedha? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni aeleze jina lake, anwani yake, sifa za bidhaa na bei kamili. Asiyetaka kujibu asilipwe.

Njia nyingine ni kumpigia mpambaji aliyeko Bukoba kwenyewe: atumiwe nusu ya fedha kwa simu, alete picha ya shada kabla ya kuondoka, amaliziwe mwenyeji akishapokea. Huenda maua yasiwe waridi, bali yale yaliyopatikana wiki hiyo. Lakini hasara ikitokea, mwenye kuibeba anajulikana.