Usanifu na Utunzaji wa Kozi ya Mtandaoni katika Elimu ya Juu: Mazingatio kwa Gitega na Muyinga, Burundi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna kozi ya mtandaoni ya chuo inavyoweza kusanifiwa na kutunzwa kwa ajili ya wanafunzi walioko Gitega na Muyinga. Hoja kuu ni kwamba utunzaji ni sehemu ya usanifu wenyewe, na kwamba kozi hupimwa kwa mwanafunzi mwenye mtandao dhaifu kuliko wenzake.

1.0 Utangulizi

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazofundishwa katika shule zake za msingi. Mwalimu wa somo hilo aliyeko kazini ni vigumu kuliacha darasa lake muhula mzima ili akasome Bujumbura. Gitega, makao makuu ya kisiasa tangu mwaka 2019, ipo katikati ya nchi. Muyinga ipo kaskazini mashariki, upande wa mpaka wa Kobero unaopakana na Tanzania. Chukuliwe mfano wa kozi ya mbinu za kufundisha Kiswahili inayokusudiwa kwa walimu wa miji hiyo miwili na vijiji vinavyoizunguka.

Uzoefu wa kujifunzia upo. Burundi, pamoja na Benin, Haiti na Madagaska, ilikuwa miongoni mwa nchi za majaribio za IFADEM, mpango wa mafunzo ya walimu kutoka mbali unaosimamiwa na mashirika ya nchi zinazotumia Kifaransa. Walimu wa shule za msingi walitumia vijitabu vilivyochapishwa, rekodi za sauti, wakufunzi na vituo vya kompyuta. Mtandao ulikuwa nyenzo mojawapo tu.

2.0 Usanifu

2.1 Muda wa mwanafunzi

Usanifu huanza kwa kuhesabu saa. Katika utaratibu wa Tanzania, krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 ina saa 120, yaani saa 8 kwa wiki katika muhula wa wiki 15. Kusoma, kusikiliza, kufanya mazoezi na kujadiliana vyote vimo katika saa hizo. Mhadhiri anayeongeza makala mapya kila wiki bila kupunguza mengine humwongezea mwalimu mzigo ambao hakuna aliyeupima.

2.2 Uzito wa maudhui

Video ya saa moja iliyorekodiwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ina uzito wa megabaiti 450 hivi. Mhadhara huohuo kwa sauti pekee, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, hauzidi megabaiti 15. Kwa wiki 15, tofauti ni kati ya gigabaiti 6.75 na megabaiti 216. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atamaliza kozi na nani atakwama pindi kifurushi chake kinapokwisha. Kwa hiyo, sauti na maandishi viwe msingi, na video itumike pale tu inapobidi mwanafunzi aone tendo lenyewe, kama vile uendeshaji wa somo darasani. Maudhui yote yaweze kupakuliwa mara moja na kusomwa bila mtandao, na tarehe ya mwisho ya zoezi iwe na siku kadhaa za ziada kwa sababu ya kukatika kwa umeme.

2.3 Lugha

Walimu wengi walijifunza istilahi za sarufi kwa Kifaransa. Faharasa fupi ya Kiswahili, Kirundi na Kifaransa huwawezesha kufuata maelezo kuhusu ngeli au kitenzi bila kukwama kwenye neno.

3.0 Utunzaji

Moodle, mfumo wa kusimamia masomo uliotolewa mwaka 2002, ni programu huria isiyo na ada ya leseni. Hata hivyo, kutokuwa na ada si kutokuwa na gharama. Seva hulipiwa, matoleo mapya husimikwa, na nakala rudufu huhifadhiwa. Zaidi ya hayo, viungo hufa, mtaala hubadilika, na mhadhiri aliyeunda kozi huhamia kwingine akiondoka na nywila.

Ratiba ya utunzaji inaweza kugawanywa katika ngazi tatu. Kila wiki, maswali hujibiwa na wanafunzi waliotoweka hutafutwa kwa simu. Kila muhula, viungo na mazoezi hukaguliwa, na nakala kamili huwekwa nje ya seva. Kila mwaka, maudhui hulinganishwa na mtaala wa shule. Kumtafuta aliyetoweka ndiyo kazi inayosahaulika upesi, ingawa mara nyingi ukimya wa wiki mbili hutangulia kuacha masomo.

Kazi hizi zinahitaji mtu mwenye saa zilizotengwa na kulipwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina vituo vya mikoa ambako mwanafunzi hupata huduma ana kwa ana. Kituo kidogo Muyinga, chenye msimamizi, umeme wa jua na nakala ya kozi kwenye kompyuta, kingeweza kutimiza jukumu hilohilo.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Inapendekezwa kwamba kozi ya mtandaoni isiidhinishwe bila bajeti ya utunzaji ya angalau miaka mitatu. Kwamba kila kozi iwe na wasimamizi wawili wenye nywila. Na kwamba majaribio yafanyike kwanza Muyinga, kwa simu ya kawaida na kifurushi kidogo, kabla ya kozi kuzinduliwa Gitega. Kozi itakayomfaa mwalimu wa Kobero haitamshinda yule wa makao makuu.