MITAMBO NA MAISHA (Sehemu ya 5): Kitufe Chekundu na Kontakta Mbili

Tangu Mei 2025, serikali ilipokikodisha kiwanda cha sukari cha Nzoia kwa kampuni ya West Kenya kwa miaka 30, hapa Kabuchai hakuna kikao kinachokwisha bila mitambo kutajwa. Huyu ataka roli mpya za kukamulia miwa, yule mota kubwa, mzee mmoja hukumbuka Wafaransa wa kampuni ya Fives-Cail Babcock na miwa ya kwanza ya mwaka 1978. Sijamsikia anayeuliza mitambo hiyo itazimwaje.

Kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota, tuliimaliza juma lililopita: koili, sumaku na pointi. Leo nilikusudia kuingia kwenye nyaya moja kwa moja, ila wanaonijua wanajua sipiti penye reli bila kusimama.

Tarehe 12 Juni 1889, huko Armagh, Ireland, watoto wa shule ya Jumapili walipanda gari moshi kwenda kutembea pwani. Mlimani injini ikalemewa. Wakubwa wakaamua gari likatwe vipande viwili, injini ipandishe kwanza kile cha mbele. Breki za gari lile zilishika kwa nguvu iliyotoka kwenye injini. Mabehewa ya nyuma yalipokatwa, yakabaki na breki ya mkono tu, pamoja na mawe yaliyosukumwa chini ya magurudumu. Injini ilipotaka kuondoka ilirudi nyuma kidogo, ikayagusa. Mawe yakapondeka, mabehewa yakateremka na kuligonga gari jingine lililokuwa likipanda. Watu 80 walikufa. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lililazimisha breki inayojishika yenyewe bomba likikatika, jambo ambalo George Westinghouse alikuwa amelifanya Marekani tangu mwanzo wa miaka ya 1870. Miaka kumi na kitu dawa ilikuwepo, wenye reli wakilalamikia bei!

Kitufe chekundu cha dharura kimerithi somo hilo. Hakipeleki amri ya kusimama. Umeme wa koili hupita ndani yake muda wote mota inapozunguka, nawe ukikigonga unaukata. Panya akitafuna waya, mota husimama vilevile. Kitufe kinachosubiri umeme ndipo kizime ni breki ya Armagh.

Lakini kontakta yenyewe ikigoma? Niliwahi kusimama kwenye kinu kimoja cha sukari nguru, miwa ikakwama, kijana akakigonga kitufe. Roli ziliendelea kuzunguka. Mwenzake alikimbilia swichi kuu, na hilo ndilo lililomwokoa. Tulipoifungua ile kontakta, pointi zilikuwa zimeyeyuka na kushikana kama peremende zilizosahauliwa mfukoni. Mwisho wa laini stima huwa hafifu, koili hutetemeka, na mota inapowaka huvuta mara sita ya mkondo wake wa kawaida au zaidi. Pembeni kulikuwa na kijiti cheusi kwa moshi, walichokuwa wakiikandamizia kontakta siku koili ilipoungua. "Mwalimu, hicho kijiti kimetulisha," mwenye kinu akaniambia.

Tiba ni kufunga kontakta mbili, moja ikifuata nyingine. Fezi zote tatu zipite kwenye ya kwanza, kisha ya pili, ndipo zifike kwenye mota. Moja ikishikana, ya pili hukata. Ila mbili peke yake hazitoshi, kwa sababu iliyoshikana hujificha nyuma ya iliyo nzima hadi hiyo nayo itakaposhikana. Kwa hiyo kila kontakta iwe na pointi ndogo ya ushahidi, iliyofungamana na pointi kubwa kiasi kwamba haiwezi kujifunga wakati kubwa zimeshikana. Pointi hizo mbili ziunganishwe mfululizo hadi kwenye rilei ya usalama. Shahidi mmoja asipoitika, rilei hukataa kuwasha tena. Nacho kitufe kikishafunguliwa, mota isijiwashe. Mtu aiwashe kwa makusudi.

Nafasi yangu inaisha na Nzoia sijairudia. Niseme tu kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai njia ya kukata nguvu ya mitambo haraka pale watu wanapofanyia kazi. Mwekezaji aijue, na mwenye kinu cha kijijini aijue pia. Walimu wa vyuo vya ufundi vya Kisiwa na Sang'alo wawafunze vijana kupima kontakta iliyoshikana kabla ya kuwafunza kubadilisha koili. Kontakta ya pili ina gharama, sikatai. Lakini chanda chema huvikwa pete, na kwenye roli za miwa chanda hakiulizwi kama ni chema.

Juma lijalo: gurudumu zito linaloendelea kuzunguka stima ikishakatwa.