Mzee Small wa Kilwa: Yapi Kweli, Yapi Uongo

Said Ngamba, mchekeshaji ambaye Tanzania nzima ilimjua kwa jina la Mzee Small, alifariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili tarehe 7 Juni 2014. Tangu hapo yanasemwa mengi juu yake, na juu ya ule uchekeshaji wa mtu kukausha uso huku waliomzunguka wanashika mbavu. Mengine ni kweli. Mengine yanamnyima haki yake, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

"Alikuwa mtoto wa Dar."

Uongo. Alizaliwa Kilwa, mkoani Lindi, mwaka 1955. Tabata, Dar es Salaam, alikwenda kuishi baadaye. Lakini kosa hili lina chanzo chake. Kwa miaka mingi mtu wa Kusini hakuweza kujulikana nchi nzima bila kuhama kwao. Redio ilikuwa Dar es Salaam, vikundi vikubwa vya sanaa vilikuwa huko huko, na anayetoka Kilwa alilazimika kuvuka mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Masika ikikolea, safari ilikuwa ni majaliwa. Daraja la Mkapa, linalovuka mto huo, lilifunguliwa mwaka 2003, Small akiukaribia umri wa miaka 50 na jina lake limeshatapakaa. Leo ukiitaja Kilwa, watu wanakutajia magofu ya Kisiwani, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Yanastahili. Na Said Ngamba naye anastahili kutajwa.

"Alikuwa mzee."

Uongo, na huu unapendeza. Televisheni zilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, alikuwa na miaka 39 hivi. Alifariki kabla hajatimiza 60. Uzee ulikuwa vazi lake la kazini.

"Kukausha uso si kazi. Ndivyo mtu alivyozaliwa."

Uongo mkubwa kuliko yote. Anayetaka ushahidi na aende msibani, Kusini.

Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wangindo na Wamatumbi wanajua utani ni nini. Msiba ukitokea, watani wanakuja. Wenyewe wanalia, mtani anaingia na madai: marehemu alikuwa na deni langu, haondoki hapa mpaka nilipwe. Pengine anaiga mwendo wa marehemu na jinsi alivyokuwa akigombeza watu. Pengine anashuka kaburini na kulala humo, hatoki mpaka apewe chake. Wafiwa, na macho yao mekundu, wanaanza kucheka. Mtani mwenyewe hacheki hata chembe. Akicheka, ameharibu: madai yanageuka mzaha wa ovyo na wafiwa wana haki ya kukasirika. Uso mkavu ndio unaombeba. Anajua aseme nini kwa nani, anyamaze wapi, na lini aache. Hayo hujifunzwa kwa kutazama wakubwa, msiba hadi msiba.

Kanuni hiyohiyo iligunduliwa na mtu wa mbali kabisa. Buster Keaton, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1895, alipanda jukwaani na wazazi wake tangu mdogo, baba akimrusha huku na huko mbele ya watu. Aliona kwamba akicheka yeye, watazamaji hawacheki. Basi akaufunga uso, na kwa uso huo akaja kuwa mmoja wa wakubwa wa filamu zisizo na sauti.

Sasa mrudie Small akizozana na Bi Chau, mwenzake wa miaka mingi katika maigizo. Wawili wale wanagombana kweli. Ndani ya igizo hakuna anayejua kwamba kuna kichekesho. Mume ana hoja yake, mke ana yake, na kila mmoja anaamini amedhulumiwa. Huo ndio ufundi. Naamini mzaliwa wa Kilwa hakuutoa mbali.

"Kuchekesha mtu peke yake na kipaza sauti kumeletwa na vijana wa jukwaa la Cheka Tu."

Nusu kweli. Ukumbi wa kulipia kiingilio, mtu mmoja, kipaza sauti kimoja: hilo kwetu ni geni, na vijana wamelifanyia kazi nzuri. Mtu mmoja kusimama mbele ya umati na kuuchekesha kwa maneno matupu ni jambo la zamani. Mtani wa msibani alifanya hivyohivyo, na alikuwa akilipwa pia.

"Umaarufu ulimtajirisha."

Uongo, na huu unauma. Small aliugua kiharusi na kukaa katika maradhi muda mrefu. Nchi iliyomcheka miaka nenda rudi ilisoma habari zake magazetini, ikasikitika. Kilichomnyima utajiri kinajulikana kwa kila aliyewahi kuigiza kwa ajili ya kanda na sidii: msanii alilipwa mara moja, akasaini, na baada ya hapo igizo liliuzwa, likadurufiwa na kurushwa bila yeye kupata kitu. King Majuto wa Tanga, mchekeshaji Amri Athumani, naye alikutwa na maradhi. Mwaka 2018 mikataba yake ya matangazo ikawa gumzo, mpaka Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kuipitia. Majuto alifariki Agosti 8 mwaka huohuo.

Sheria ilikuwepo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo igizo lolote alilolitunga Said Ngamba mwenyewe, bila kuiuza haki yake, ni mali ya warithi wake hadi mwaka 2064. Wanaoyapandisha maigizo yake mtandaoni leo na kuvuna pesa za matangazo, kabla ya kubonyeza kitufe, wawatafute kwanza hao warithi.