Hadithi Fupi za Kidijitali Zinavyofikisha Utafiti kwa Mwananchi

Mwaka 2016 ugonjwa uliosababishwa na sumukuvu ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Zaidi ya watu 60 waliugua, na takriban 20 kati yao walifariki dunia baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa na sumu hiyo inayozalishwa na aina fulani za kuvu. Wanasayansi walikuwa wameifahamu sumukuvu kwa zaidi ya nusu karne. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ujuzi huo ilikuwa katika majarida ya kitaalamu, tena kwa Kiingereza, mbali na ghala la mkulima.

Miongoni mwa njia za kuziba pengo hilo ni hadithi fupi ya kidijitali, yaani video ya dakika mbili hadi tatu inayounganisha picha na sauti ya msimulizi. Mbinu hii ilianzia California, Marekani, katika miaka ya 1990, kwa ajili ya watu wa kawaida kusimulia maisha yao, kisha vyuo vikuu vikaipokea.

Kazi ngumu ni kuchagua. Dakika tatu hazitoshi kueleza tasnifu nzima, hivyo mtafiti huteua jambo moja ambalo mwananchi anaweza kulitekeleza. Kwa sumukuvu, jambo hilo laweza kuwa kuanika mahindi juu ya turubai badala ya ardhini, na kuyahifadhi yakiwa yamekauka vizuri.

Hapa ndipo picha inapoweza kupotosha. Mtengenezaji wa video huvutiwa na gunzi lililooza, kwa kuwa linaonekana vizuri kwenye kioo cha simu. Lakini sumukuvu yenyewe haionekani kwa macho, na punje safi zinaweza kuwa nayo. Anayeona gunzi bovu pekee atahitimisha kuwa mahindi yake meupe ni salama, au kwamba kuyapika kutaondoa sumu, ilhali upishi wa kawaida hauimalizi. Maneno nayo yapimwe: kuchambua punje mbovu hupunguza hatari, hakuiondoi. Kwa sababu hiyo, ni vyema wakulima wachache waonyeshwe video kabla haijasambazwa, waulizwe wameelewa nini.

Suala la ridhaa halipaswi kupuuzwa. Mtu aliyekubali kuhojiwa kwa ajili ya utafiti hajakubali sura yake izunguke katika makundi ya WhatsApp, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zake. Kwa familia zilizofiwa, michoro inafaa zaidi kuliko picha halisi.

Kwa kaya zisizo na simu janja, sauti hiyohiyo inaweza kurushwa na redio za jamii, mradi msimulizi awe ametaja kwa maneno kila kinachoonekana kwenye picha.