Kusoma Picha Kalemie

Mwaka 2014 kampuni ya Glénat ya Ufaransa ilitoa kitabu cha katuni kiitwacho Madame Livingstone, na hadithi yake inapita mlangoni mwa Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Mchoraji wake ni Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, na aliyeandika naye ni Christophe Cassiau-Haurie. Humo hamna mtu arukaye angani bila ndege wala avunjaye magari kwa ngumi. Yumo luteni wa Kibelgiji, Gaston Mercier, aliyetumwa Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Yumo pia kiongozi wake wa njia, chotara avaaye sketi ya Kiskoti, aliyepachikwa jina la Madame Livingstone kwa kuwa anajiita mwana wa Livingstone, yule mpelelezi maarufu.

Msomaji wa Kalemie akikifungua kitabu hicho yuko nyumbani. Ni hapa, pale mto Lukuga unapotoka ziwani kwenda Lualaba, ambapo Waingereza waliingiza majini boti zao mbili, Mimi na Toutou, mwezi Desemba 1915. Boti hizo zilikuwa zimetoka Cape Town kwa treni, zikaburutwa porini Katanga kwa mashine za mvuke na ng'ombe, huku wenyeji wakifyeka njia. Tarehe 26 Desemba zikaiteka meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 nyingine yao, Hedwig von Wissmann, ikazama. Götzen yenyewe Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao karibu na Kigoma tarehe 26 Julai 1916. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 ikasafirisha abiria kwa jina la Liemba. Kamanda wa zile boti mbili, Geoffrey Spicer-Simson, alizoea kuvaa sketi ya khaki mbele ya askari wake. Anayelijua hilo hawezi kuiona sketi ya chotara wa kitabuni kuwa mzaha mtupu. Vitabu vingi vya vita hiyo husimulia maofisa. Baruti amempa nafasi mtu aliyeijua njia, na hapo ndipo thamani ya kazi yake ilipo.

Vijana wengi wa mjini wameijua katuni kupitia sinema za simu na za vibanda vya video, zile za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Ndiyo maana wengine hudhani katuni ni hizo tu, na kwamba ni kitu kilichotoka ng'ambo. Lakini kusoma picha moja baada ya nyingine, na kuzitolea maneno mbele ya watu, ni desturi ya nchi hii tangu zamani.

Waluba, ambao nchi yao inafika Manono na Kabalo, walikuwa na lukasa. Ni kibao cha mti kinachoenea mkononi, chembamba katikati, kimejaa shanga na simbi. Mjuzi wa chama cha Mbudye alikishika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikapita juu yake polepole. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ndogo ilikuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga ulikuwa safari, au njia ya kuhama. Kidole kilipogusa, mdomo ulitamka, na habari za wafalme zikatoka kwa mpangilio uliofaa hadhara ya siku ile, kwani kibao kile kile kingeweza kusomwa kwa namna nyingine mbele ya watu wengine. Watabwa wa upande wa Moba nao walichora safu za pembetatu kwenye viti, vitana na hata ngozi ya mwili. Waliziita balamwezi, wakikusudia kuandama kwa mwezi mpya.

Hadithi za mdomo zilikuwa na wakati wake: usiku, baada ya kula. Ziwani hapa mwezi ulisaidia kupanga ratiba. Wavuvi wa ndakala, yaani dagaa, huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'aa sana hupumzika, kwa hiyo baba yupo nyumbani na watoto hawataki kulala. Kalulu, sungura mjanja, huingia na hila zake, wimbo hukatiza kisa, na wasikilizaji huitikia. Anayekaa kimya haonekani kuwa na adabu nyingi kuliko wengine, huonekana amesinzia.

Kitabu cha katuni kikiingia katika nyumba ya namna hiyo hakisomwi na mtu mmoja pembeni. Kifaransa ni lugha ya shule, Kiswahili ni cha nyumbani. Mwenye Kifaransa husoma, kisha hugeuza palepale kwa Kiswahili, na wasiojua kusoma hufuata kwa macho na kumhimiza afunue. Mara nyingi mdogo ndiye anayeona kwanza kitu ambacho msomaji amekiruka kwa haraka ya maneno: mtu aliyejificha nyuma ya mti, au mkono ulioshika barua. Bibi naye anaweza kukataa mwisho wa kisa na kutoa wake. Nakala hiyo hiyo kisha huazimwa jirani, na hurudi bila jalada.

Kusini, Lubumbashi, picha za kusimuliwa zilipata ukuta wake. Miaka ya 1970 familia nyingi za wafanyakazi zilining'iniza sebuleni michoro ya mafundi wa mitaani: mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, au mfungwa akichapwa fimbo enzi ya Mbelgiji. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora juu ya magunia ya unga, alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia yote ya nchi katika michoro 101 kati ya 1973 na 1974, akieleza kila mmoja kwa Kiswahili cha Shaba, jina la Katanga wakati ule. Ukiipanga ile michoro kwa mfuatano, una kitabu kizima cha katuni ambacho hakikufungwa kwa uzi.

Kinshasa ilienda njia yake. Gazeti la katuni la Jeunes pour Jeunes lilianza mwaka 1968, na baadaye Papa Mfumu'eto akauza vijarida vyake vya Kilingala kuhusu tajiri anayegeuka joka na kummeza mwanamke. Hayo yanachekesha na kutisha. Kwa mtu wa Kalemie, hata hivyo, vitabu vya Pie Tshibanda na mchoraji Nsenga Kibwanga viko karibu zaidi. Alerte à Kamoto, cha 1989, kinahusu mgodi wa Kolwezi. Les Refoulés du Katanga, cha 1994, kinahusu Wakasai waliofukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalundikana stesheni wakingoja treni. Kalemie ilikuwa ndani ya Katanga hadi 2015, na nyumba nyingi zina ndugu, shemeji au jirani aliyeguswa na mambo yale. Ni kitabu cha kusomwa mzee akiwepo, kwa sababu maswali yatakuja kabla ya ukurasa kufunuliwa.

Ambaye Kifaransa hakimpendezi hana haja ya kungoja. Ng'ambo ya ziwa, gazeti la Sani la Dar es Salaam limewalea Watanzania kwa Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, watu wa mtaani wenye madeni, uvivu na tamaa. Na mwaka 1996 Sasa Sema ya Nairobi ilitoa Abunuwasi cha Gado, mchoraji mzaliwa wa Dar es Salaam. Hicho kiko katika Kiswahili moja kwa moja, na mtoto aliyelelewa na hila za Kalulu atamjua Abunuwasi ni mtu wa aina gani kabla hajafika ukurasa wa pili.