Mugawanyo wa AVEC: kwa nini hesabu ya Excel na feza ya sanduku hazipatane

Siku ya mugawanyo, kila mwanamemba wa AVEC anakuja kupokea feza alizoweka tangu mwanzo wa mzunguko. Vikundi vingine vinatumia sasa Excel. Mashine inahesabu haraka, lakini kuna wakati jumla yake haipatane na feza iliyo mezani. Hapo manunguniko yanaanza: nani amekula? Mara nyingi hakuna mwizi. Shida iko katika kukata tarakimu, ile watu wanaita kuarondi.

Tuchukue mfano. Sanduku iko na 1 000 000 FC, wanamemba ni 24, wote wenye haki sawa. Kila mutu anapata 41 666,67 FC. Mwandishi wa kikundi akiondoa tarakimu za nyuma ya koma, Excel inaonyesha 41 667. Lakini imebadilisha sura tu. Ndani ya kijumba hesabu ni ile ile. Kwa hiyo jumla ya Excel inabaki 1 000 000, na mwanamemba anayejumlisha kwa telefone yake anapata 1 000 008. Hakuna aliyekosea kati yao.

Shida kubwa inakuja wakati wa kulipa, kwa sababu hakuna noti ya franka 7. Kikundi kikipandisha mpaka 41 700, watu 23 wa kwanza watabeba 959 100. Wa mwisho atakuta 40 900 tu. Amepunguziwa 800 FC, na hakuna aliyemuibia.

Dawa yake ni kuambia Excel ikate hesabu yenyewe. Kama feza iko katika kijumba B2, andika =ARRONDI.INF(B2;-2). Alama -2 inamaanisha mpaka kwenye mia, na INF inamaanisha kushuka kila mara. ARRONDI peke yake inaenda kwenye mia ya karibu, njo maana inaweza kupandisha. Kwa kushuka, kila mutu anapata 41 600, na 1 600 FC inabaki. Wanamemba wanaamua pamoja kama inaingia katika mfuko wa musaada ao inafungua mzunguko mupya.

Kwa vikundi vinavyogawa kufuatana na sehemu, angalisho ni kubwa zaidi. Kama sehemu zote ni 640, moja inakuwa na bei ya 1 562,5 FC. Ukiifanya 1 600 mbele ya kuzidisha, mwenye sehemu 40 atapata 64 000 pahali pa 62 500. Kwa kikundi kizima utahitaji 1 024 000: zile 24 000 zitatoka wapi? Zidisha kwanza, kisha arondi mwishoni, mara moja tu.

Mbele ya kulipa mutu wa kwanza, musome kwa sauti jumla ya kulipa na ile inayobaki. Zote mbili pamoja zinapaswa kulingana na feza iliyohesabiwa mezani. Kama hazilingani, musianze kulipa.