Vidonge Vilivyobaki Kwenye Sanduku la Bibi

WOOLWICH, London – Bibi kafika kutoka Muscat na masanduku mawili. Ndani mna halua, kahawa, udi, na pakiti ya antibiotiki zilizobaki alipoumwa mwaka jana. Siku ya tatu mjukuu wake wa miaka sita akaanza kulalamika koo. "Mpe nusu kidonge tu mwanangu, kesho mzima."

Mama mtoto akakataa, akampeleka famasia mtaa wa Powis. Tangu Januari 2024, wafamasia wa Uingereza wanaruhusiwa kutibu maradhi saba madogo, koo likiwemo, na kutoa antibiotiki pakihitajika, bila kumwona daktari. Huyu akamtazama mtoto, akasema hii yaelekea ni virusi. Maji, dawa ya homa, subira.

"Mmekwenda kote huko mkarudi mikono mitupu?" Bibi akauliza.

Kisa hiki hatukitaji majina, maana nyumba nyingi zetu zinakijua.

Mfamasia alikuwa na haki. Antibiotiki inaua bakteria, virusi haviwezi. Ukiitumia ovyo, bakteria dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini hapa hapa London mwaka 1928, alionya jambo hilo kwenye hotuba yake ya Nobel mwaka 1945. Utafiti uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa maambukizi yaliyogoma kusikia dawa. Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

Lakini kubana dawa nako kuna gharama yake, na hiyo haizungumzwi sana. Mama yule kapoteza nusu siku ya kazi. Asiyejua Kiingereza vizuri anatoka famasia hajaelewa kwa nini kanyimwa, anahisi kadharauliwa. Safari ya pili haendi, hata ugonjwa ukiwa mkubwa, anafungua sanduku. Hapo sheria iliyokusudiwa kupunguza matumizi mabaya imeyahamishia ndani ya nyumba. Na vijijini kwetu Afrika Mashariki, penye duka moja la dawa na daktari yuko mbali, ukipiga marufuku kuuza bila cheti, mwenye nimonia anaweza kukosa kabisa.

Kwa hiyo ukiambiwa "hakuna antibiotiki", usiondoke kimya. Uliza: ugonjwa huu utachukua siku ngapi? Nirudi lini? Dalili gani ni za hatari? Omba mkalimani, huduma hiyo ipo bure. Mtoto akipumua kwa shida, akishindwa kumeza hata mate, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, usingoje: piga 999. Kwa ushauri mwingine, 111.

Na vidonge vya sandukuni? Havikuwa vya mtoto, wala kipimo chake hakijulikani. Famasia yoyote Uingereza inapokea dawa zilizobaki. Bibi mwenyewe ndiye aliyezipeleka, akarudi na maswali yake matatu yamejibiwa.